Eti nyumba ya Mjerumani

Shangazi anataka kununua ile nyumba ya matofali ya kuchoma huku Moshi mjini, sio mbali na stesheni, na kila ukiuliza mtaani unaambiwa hiyo ya Mjerumani. Haishindikani, reli ilifika Moshi 1911 na Wajerumani wakafurushwa 1916, ila mimi stori za kijiweni nazisikiliza huku nimeshika fomu ya upekuzi, ile ya kuomba kuangalia rekodi za umiliki.

Basi nikalipia pale ofisi ya ardhi, dada mmoja mvumilivu akanionyesha rejista yenyewe. Mjerumani hayumo. Anaanza Mhindi mwenye duka, miaka ya 50, jina lake limekatwa kwa wino mwekundu, chini yake kuna rehani ya 1964 kwa benki ya kigeni, halafu ilipofutwa 1969 aliyesaini ni NBC, benki ya biashara ya serikali! Si benki zilitaifishwa 1967, yani umelala, unaamka unakuta deni lako limehamia serikalini. Nilicheka peke yangu pale kaunta, watu wakanigeukia.

Nilichokuwa nakitafuta kwa hamu ni 1971. Mwaka ule serikali ilichukua majengo, hasa ya kupangisha, yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, na kama jengo lilishapita miaka 10 mwenyewe hapewi fidia, yakawa chini ya Msajili wa Majumba mpaka 1990 kazi hiyo ilipoenda NHC, Shirika la Nyumba la Taifa. Wazee wa mtaa wanaapa na hii ilichukuliwa. Rejista nzima hakuna Msajili, Mhindi kamuuzia mwalimu mmoja 1974, basi.

Sasa kimbembe ni kwamba mwalimu ndiyo jina la mwisho. Alishafariki, mirathi haijafunguliwa, na huyu anayetuuzia ni mwanawe wa tatu, wenzake wako Dar na Mwanza. Nikamwambia kaka, nenda mahakamani ukateuliwe msimamizi wa mirathi, na ndugu zako waseme wamekubali, ndiyo tuongee hela. Akanijibu, "Dada, hii nyumba ya mzee, nani asiyejua?" Ardhi hawajui, kaka yangu.

Shangazi kafunga pochi. Dalali ndiyo hatulii, anapiga simu asubuhi na jioni anataka chake, nimemwambia amfuate aliyeandikwa kwenye rejista.