Kuitikia

Mwalimu alisimamisha kanda mara ya tatu. "Nani huyu anamwingilia mzee?"

Darasa zima likanigeukia. Mzee akisema "tulikuwa watoto," mimi "eeh." Akisema "basi asubuhi ile," mimi "enhe." Katika dakika 20 nilizorekodi, mzee hakupata sentensi hata moja ya peke yake.

Ilikuwa 2006, nasomea utayarishaji wa vipindi vya televisheni, na zoezi lilikuwa filamu ya dakika nne juu ya mtu na kazi yake. Nilimchagua fundi saa wa Majengo, Pumwani, jirani ya shangazi yangu. Skripti niliiandika kama tulivyofundishwa: ukurasa safu mbili, kushoto picha, kulia sauti. Kushoto nilijaza vidole, kibano, saa za ukutani zisizopatana. Kulia, niseme kweli, niliandika tu "mzee anaeleza" kutoka juu hadi chini.

"Unayehoji huitikii kwa mdomo," mwalimu alisema. "Tikisa kichwa. Sauti mbili zikipandana utazikataje?"

Hapo hakukosea. Maikrofoni ilibanwa kwenye kanzu ya mzee, lakini tulikaa goti kwa goti, ikaninasa na mimi. Ila kwetu mzee akisimulia nawe umenyamaza kama gogo, ama umemdharau ama umelala.

Jumamosi nikarudi na mwenzangu wa kamera, na kanda mpya ya dakika 60.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kwani zile za juzi zimemwagika?"

Akaagiza chai na mahamri, tukaanza. Nikafunga mdomo. Akarudia habari za Aprili 1954, Operesheni Anvil, Waingereza walipouzingira mji wa Nairobi kuwasaka Mau Mau na kuwatenga Wakikuyu, Waembu na Wameru. Akanitazama. Nikatikisa kichwa. Akaendelea kidogo, akanitazama tena. Nikatikisa. Akaweka kibano chini.

"Mjukuu wangu, usinitikisie kichwa hivyo."

"Kwa nini, babu?" Amri ya mwalimu ikaishia hapo.

"Wale wa magunia walikuwa hivyohivyo. Mtu kafunikwa gunia kichwani, matundu mawili ya macho, hasemi neno. Mnapita mbele yake mmoja mmoja. Akikutikisia kichwa, lori hilo, panda."

Mara ya kwanza hakuwa ametaja magunia kabisa. Kichwa changu ndicho kilichoyaleta. Mwenzangu, Mungu ambariki, hakuwa amezima kamera.

"Samahani, babu."

"Basi itikia."

Tukapatana: amalize sentensi, nihesabu moja moyoni, ndipo niseme eeh yangu. Nikasogeza kiti nyuma. Kwenye hedifoni, kati ya neno lake na langu palibaki saa tupu, tik, tik.

Saa hizo ndizo zilizonitesa wakati wa kuhariri. Eeh zangu nilizikata zote, mikato nikaifunika kwa picha za vidole vyake, lakini kila nilipokata mlio uliruka, kama saa iliyojikwaa. Usiku wa pili nikakumbuka kwamba kabla ya kuondoka tulirekodi dakika moja ya chumba kitupu bila mtu kusema. Nikailaza hiyo chini ya maneno yote. Mikato ikazama. Mwalimu alitazama mpaka mwisho bila kugusa kitufe.

Nikaipeleka diski Majengo, tukaiweka kwenye runinga ya shangazi. Mzee alikaa mbele, mkewe kando yake.

"Asubuhi ile wakatutoa nje," akasema yule wa kwenye runinga. Kimya kidogo, pale nilipokata.

"Enhe," mkewe akaitikia.

"Nikamwona mtu wa gunia."

"Eeh," shangazi, kutoka jikoni.

Wakaenda hivyo dakika zote nne, hakuna pengo walilolikosa. Karibu na mwisho mzee naye, akijitazama, akaanza kujiitikia.