Mkonga kwenye nondo

Jana usiku nimeangalia Dumbo na binti yangu, ile ya zamani ya mwaka 1941, dakika 64 tu. Nilijua katuni ya sarakasi itatuchekesha kidogo tukalale. Wapi! Ilipofika pale mama tembo amefungiwa kwenye behewa, kosa lake kumtetea mwanawe anayechekwa masikio makubwa, akapenyeza mkonga kwenye nondo na kumbembeleza, mtoto akanikumbatia shingo: "Mama, si wamfungulie?" Machozi yakanitoka. Kwangu hata Dumbo iliyotengenezwa upya 2019 haijaifikia. Nikamwambia sarakasi ya Ringling kule Marekani iliwastaafisha tembo wake mwaka 2016, hawachezeshwi tena. Akanyamaza, kisha: "Wote? Na watoto wao?"