Jumanne ya sukari na presha: siku moja kliniki, saa kwa saa

Mwezi wa siku 30 una saa 720. Mgonjwa wa kisukari anayekuja kliniki mara moja kwa mwezi anakaa mbele yetu nusu saa, akibahatika. Zilizobaki anajichoma insulini, anajipima na kujipikia mwenyewe. Kwa hiyo kazi ya siku ya kliniki ni kuangalia mikono yake inafanya nini, na tukikuta kosa, tujue limetoka wapi kabla hatujagusa dozi. Hivi ndivyo Jumanne inavyokwenda kwenye kituo cha afya pembezoni mwa jiji la Tanga.

Saa 12:30 asubuhi

Mashine za sukari zinapimwa zenyewe kwanza. Tone la maji ya majaribio kwenye kijiti, na jibu liangukie ndani ya viwango vilivyoandikwa kwenye kichupa. Likitoka nje, tunaangalia tarehe ya kuisha muda, tarehe kichupa kilipofunguliwa, na kama kifuniko kilibana. Hewa ya pwani ina unyevu, kijiti kilicholala wazi kinasema uongo. Ndiyo maana tunakataza kuhamishia vijiti kwenye karatasi, hata kama ni kumgawia jirani kwa nia njema.

Nje benchi limeshajaa, na hatari ya kwanza ya siku iko hapo. Mtu amechoma insulini alfajiri nyumbani, akaondoka na tumbo tupu kwa sababu aliambiwa "njoo hujala". Ikifika saa 3 sukari inamshuka akiwa kwenye foleni. Agizo sahihi ni hili: njoo na insulini yako na chai yako mkobani, upimwe, uchome, ule.

Anayetoka jasho, anayetetemeka au anayejibu ovyo hapangi foleni. Sukari ikiwa chini ya 4 (mashine zetu zinasoma kwa mmol/L) anapewa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au mililita 150 za soda ya kawaida (ile isiyo na sukari haisaidii kitu hapa), kisha anapimwa tena baada ya dakika 15. Bado chini ya 4, anarudia. Ikipanda, anakula kiazi au mkate, maana sukari ya maji haikai. Asiyeweza kumeza hapewi chochote mdomoni. Huyo ni wa dripu.

Saa 1:30 asubuhi

Presha. Dakika tano za kukaa kimya, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kitupu. Aliyetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara anasubiri nusu saa. Vipimo viwili, dakika moja au mbili katikati. Kosa tunaloliona zaidi ni mkanda mdogo kwenye mkono mnene: presha inasomeka juu kuliko ilivyo, na mtu anaongezewa kidonge asichokihitaji.

Wenye mashine nyumbani wanakuja nazo tulinganishe na yetu. Tunawakumbusha kwamba kikomo cha nyumbani ni 135/85, si 140/90 ya kliniki, kwa kuwa nyumbani mtu ametulia.

Saa 2:30 asubuhi

Somo la pamoja, dakika 20, jambo moja tu. Leo ni kunawa mikono kabla ya kujipima. Aliyetoka kumenya embe ana sukari kidoleni, na mashine haijui kutofautisha ya embe na ya damu. Maji na sabuni, kausha kabisa, toboa ubavu wa kidole badala ya nchani, maana nchani panauma zaidi na ndipo unaposhikia vitu. Wengine wana mashine walizotumiwa na ndugu kutoka Marekani, zinazosoma kwa kipimo kingine (mg/dL): zinaonyesha 126, wanashtuka. Gawanya kwa 18, unapata 7. Shida ya mashine hizo ni vijiti, ambavyo mara nyingi madukani hapa havipo.

Saa 3:15 asubuhi

Chumba cha insulini. Hapa tunakaa mpaka saa 6, na ningeambiwa nichague sehemu moja ya siku isikatwe, ningechagua hii.

Kuuliza "Bibi, unajua kuchoma?" hakuna maana, jibu ni ndiyo siku zote. Tunasema: "Shikamoo bibi. Hebu nionyeshe unavyochoma." Halafu tunanyamaza.

Tunaangalia chupa kwanza. Insulini ya mchanganyiko, ile yenye ukungu kama maziwa, huzungushwa taratibu kati ya viganja mara kumi na kupinduliwa mara kumi mpaka weupe uwe sawa chupa nzima. Ukiitikisa kwa nguvu inatoa povu na viputo. Usipoichanganya, kila dozi inatoka na nguvu yake: leo sukari 5, kesho 15, na mgonjwa hajabadilisha chochote.

Halafu bomba la sindano. Hapa pana mtego ambao watu wachache wanaujua. Kwenye bomba la nusu mililita, kila mstari mdogo ni yuniti moja (kipimo cha insulini). Kwenye mengi ya mililita moja, kila mstari ni yuniti mbili. Mtu aliyezoea kuhesabu mistari 20 akiuziwa bomba kubwa, akihesabu ile ile 20, amejichoma yuniti 40. Kwa hiyo tunafundisha kusoma namba, na kwa asiyesoma tunafunga utepe wa plasta kwenye bomba lake mahali pa kufika. Akibadilishiwa bomba, arudi kliniki kwanza.

Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Anayetumia 36 kwa siku anaimaliza siku ya 28, hana tatizo. Anayetumia 20 inamfikisha siku ya 50, lakini iliyofunguliwa inapaswa kuachwa baada ya wiki nne hivi. Kuitupa inauma, tunajua, na wengi huifikisha tone la mwisho. Basi tarehe ya kufungua iandikwe kwenye lebo kwa kalamu ya wino usiofutika, na sukari ikianza kupanda wiki ya sita tujue pa kuangalia.

Mwisho, ngozi. Tunapapasa paja na tumbo kwa vidole. Mahali palipochomwa miezi mingi panavimba, panakuwa kama mpira laini, na hapaumi. Wagonjwa wanapapenda kwa sababu hiyo hiyo ya kutouma. Insulini ikiingia pale hutoka kwa kusuasua, sukari inakaa juu, dozi inapandishwa. Dawa yake ni kuhama: leo kulia, kesho kushoto, kila sindano upana wa kidole kutoka ya jana. Ila angalia, dozi iliyopandishwa kwa ajili ya uvimbe ikiingia kwenye ngozi nzima inafanya kazi yote. Anayehama bila daktari kupunguza dozi anaweza kuanguka usiku ule ule.

Daftari la vipimo nalo linasema mengi. Ukurasa mzima wa 6.5, wino mmoja, mwandiko mmoja: limejazwa jana usiku. Hatugombi. Tunafungua kumbukumbu ya mashine tunasoma pamoja. Vivyo hivyo kwa mlonge na mwarobaini: tukikaripia, mwezi ujao wataficha, na sisi tutabaki tunatafuta kwa nini sukari inashuka.

Saa 6:00 mchana

Miguu. Viatu vyote vinavuliwa, soksi zinageuzwa nje ndani kutafuta damu au usaha. Uzi wa nailoni wa gramu 10 unagusishwa kwenye nyayo mpaka upinde, mgonjwa akiwa amefumba macho. Asiyeusikia hatembei peku hata uani, anapima joto la maji kwa kiwiko badala ya mguu, na kabla ya kuvaa kiatu anakikung'uta. Nyayo anaziangalia kila jioni kwa kioo kilichowekwa sakafuni, au mjukuu anamwangalizia.

Saa 8:00 mchana

Dirisha la dawa. Metformini, vidonge vya sukari, pamoja na chakula, vinginevyo tumbo linachafuka na mtu anaacha kimya kimya. Kikohozi kikavu kwa anayetumia enalapril au captopril, na miguu kuvimba kwa anayetumia amlodipine (zote dawa za presha), ni mambo ya kuja kusema. Kuacha dawa mwenyewe hapana.

Saa 9:30 alasiri

Nyumba mbili pamoja na mhudumu wa afya wa mtaa. Ya kwanza haina friji. Chupa iko kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, ndani ya chungu kidogo kilichowekwa ndani ya kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni. Kinakaa kivulini, penye upepo. Pwani hakipoozi kama bara kwa sababu ya unyevu, lakini ni afadhali mara kumi kuliko juu ya kabati chini ya bati. Jirani mwenye friji akisaidia, chupa isikae karibu na barafu. Iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka.

Ya pili ni ya presha isiyoshuka. Hatuulizi "unakula chumvi?" Tunauliza pakiti inakaa siku ngapi. Gramu 5 kwa mtu ni kijiko cha chai kilichosawazishwa. Kwa watu sita ni gramu 30 kwa siku, maana yake pakiti ya nusu kilo ifike siku 16. Hapa inaisha wiki moja, na ng'onda na vidonge vya mchuzi hatujavihesabu.

Saa 11:30 jioni

Simu. Orodha ni ya waliobadilishiwa dozi wiki hii, na waliohamishwa mahali pa kuchoma ndio wa kwanza. Maswali ni mawili: sukari ya asubuhi ilikuwa ngapi, na kama chini ya mto wa kulalia pana sukari ya kutumia ikimshuka usiku. Simu ya tatu anapokea mjukuu. Anatusomea kutoka kwenye mashine: jana 7.4, leo 5.8. Tunamwomba amsalimie bibi, na amuulize leo anachoma upande gani.

"Kushoto," bibi anasikika nyuma.