Vocha 400 na baiti 4096

Saa nane usiku ndo nimefunga laptopu, na upepo wa huku Ng'ong'ona ulikuwa unapiga mabati utafikiri mtu anarusha mawe. Acha niandike wakati bado nakumbuka vizuri.

Kuna hosteli jirani na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, nimeweka ruta ndogo ya MikroTik, hAP lite, wanafunzi wananunua vocha za intaneti kwa mama mwenye nyumba, mia tano kwa saa 24. Kila mwezi natengeneza faili la vocha napandisha kwenye ruta, skripti, yaani maagizo niliyoiandikia ruta, inalisoma faili na kupitia mstari kwa mstari, inasajili majina kwenye hotspoti, ile sehemu inayomruhusu mtu kuingia kwenye Wi-Fi. Siku zote nilikuwa naweka 300. Mwezi huu vyumba vimejaa nikaweka 400, nikachapisha, nikakata karatasi kwa mkasi, nikampelekea mama.

Saa moja jioni simu inaita. "Mwanangu, watoto wamejaa mlangoni hapa, namba zako haziingii." Nikamwambia mama naomba uwarudishie hela zao, nakuja sasa hivi. Iliniuma sana, maana yule mama hana habari na skripti, anachojua ni kwamba amepokea mia tano ya mtoto wa watu na hajampa kitu.

Kufika, nikafungua Winbox, programu ya kuisimamia ruta, hakuna hata jina moja jipya, logi, yaani kumbukumbu ya matukio, iko kimya kabisa. Faili lipo, ukubwa baiti 5200. Nikazunguka kama saa nzima nikitafuta koma iliyokosewa, mpaka nilipopima urefu wa kile ambacho skripti imesoma, ikajibu 0. Sifuri! Hapo ndo ikanijia, kwenye RouterOS 6, mfumo unaoendesha ruta hii, ukisoma faili kwa contents, yaani yaliyomo yote kwa mara moja, mwisho wake ni kama baiti 4096, ukizidisha hupati kitu.

Piga hesabu. Mstari wangu mmoja ni hivi: dk7m2x,saa24. Herufi 12, kila moja baiti moja, ongeza alama ya kushuka mstari, 13. Mara 300 ni 3900, inapita. Mara 400 ni 5200, haipiti. Kikomo changu kilikuwa vocha 315 na nilikuwa naishi jirani nacho miezi yote bila kujua. Tena ningeliandika kwa Notepad ya Windows, ambayo kila mstari inaweka alama mbili, hata zile 300 zingegoma. Na wala siyo nafasi imejaa, ruta ina hifadhi ya MB 16, KB 5 zinakaa bila shida, kinachobana ni skripti kulimeza faili zima kwa mkupuo mmoja.

Kwanza nikawaza kuligawa, vocha1 na vocha2, kila moja mistari 200. Inafanya kazi, lakini siku nikisahau faili la pili yanarudi yale yale. Nikaamua laptopu ndo ifanye kazi nzito: badala ya orodha ya majina, itoe faili la .rsc, faili la maagizo ya RouterOS, ambalo kila mstari ni komandi kamili ya kuongeza mtumiaji, halafu ruta inaambiwa import tu. Import inakwenda komandi moja baada ya nyingine, ile 4096 haiigusi. Ila kuna sehemu ilinisumbua tena, jina likijirudia import inasimama hapo hapo na yaliyobaki hayaingii, kwa hiyo kila komandi nimeifunga ndani ya do na on-error (jaribu hili, likishindikana fanya lile), ikikwama moja iandike kwenye logi na isonge mbele. Matoleo mapya ya RouterOS 7 yana file read unayosoma kipande kipande, nzuri sana, lakini kwa ruta yenye RAM ya MB 32 mimi naibakiza kwenye 6.

Nikahesabu kwenye ruta vocha zenye komenti, yaani maelezo, ya mwezi huu: 400. Nikamwandikia mama, shikamoo, vocha zile zile asizitupe. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu akanitumia sauti: "Marahaba. Imekubali, yule binti aliyerudi jana usiku nimempa wa kwanza, hela sijachukua."

Hiyo mia tano nitamlipa mama mimi mwenyewe kesho.