Minnesota ya filamu na Minnesota niliyoikuta

Kabla sijahamia Minneapolis, jimbo la Minnesota nililijua kwa filamu mbili, nazo hazipatani. Purple Rain ya mwaka 1984 ni mji wa mwanamuziki Prince: pikipiki, gitaa, vijana waliovaa wakapendeza. Fargo ya mwaka 1996, ya akina Coen, ndugu wawili waongozaji waliokulia St. Louis Park, kitongoji cha Minneapolis, ni theluji tupu, barabara isiyo na mwisho na watu wapole wanaouana. Mtu akiniuliza ipi ya kweli, namwambia zote zina ukweli wake, ila zimeiacha kazi nje.

Kazi ya mikono, namaanisha. Katika filamu majira ya baridi ni mandhari. Ukiishi humo ni shughuli yenye ratiba na faini. Theluji ikianguka nyingi, jiji linatangaza dharura ya siku tatu: kuanzia saa tatu usiku wa kwanza, barabara kuu zilizotajwa haziegeshwi gari, siku ya pili, kwenye mitaa mingine, upande wa nyumba zenye namba shufwa unaachwa wazi, siku ya tatu ni zamu ya upande wa witiri. Ukisahau, gari linavutwa na utalikomboa kwa pesa. Njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba nayo ni mzigo wa mwenye nyumba: theluji ikikatika, una saa 24 uwe umeshaisafisha. Nilibandika ratiba hiyo mlangoni, juu kidogo ya kitasa, nisiweze kutoka bila kuiona.

Kuna kipande kimoja cha Fargo ambacho hata wenyeji wanakikubali bila ubishi. Muuza magari wa hadithi hiyo, mipango yake imekwama, anakwangua barafu kwenye kioo cha gari, hasira zinampanda, anakitupa kikwanguo, kisha anakiokota na kuendelea. Hapo ndipo Minnesota yenyewe ilipo.

Kuhusu baridi, filamu haijatia chumvi. Rekodi ya jimbo ni nyuzi 51 za Selsiasi chini ya sifuri, iliyopimwa karibu na mji mdogo wa Tower Februari 1996, mwezi mmoja tu kabla filamu haijaanza kuonyeshwa. Kichekesho ni kwamba walipokuwa wakiipiga, mwaka mmoja nyuma, theluji ilikuwa haba hadi wakalazimika kuifuata jimbo jirani la Dakota Kaskazini. Mimi sikusaidiwa na koti nene bali na nguo nyepesi nyingi zilizopandana, na buti zinazobaki na nafasi ya soksi ya pili. Mjini kati nilijifunza kupita kwenye yale madaraja yaliyofungwa kwa vioo yanayounganisha majengo kwenye ghorofa ya pili. Walianza kuyajenga mwaka 1962, na mtu anaweza kuzunguka sehemu kubwa ya kati ya jiji koti likiwa mkononi.

Masomo mengine niliyapata mtaa wa Cedar-Riverside, hapo hapo Minneapolis, kwa Wasomali. Fargo haiwaonyeshi, wala siilaumu, maana hadithi yake ni ya mwaka 1987 na wao walianza kufika kwa wingi miaka ya tisini. Wengi walipitia Kenya, kwenye kambi za Dadaab au mitaa ya Nairobi, kwa hiyo nilielekezwa kwa Kiswahili mahali ambapo sikukitarajia kabisa. Mama mmoja muuza vitambaa ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, Desemba jua linazama saa kumi na nusu. Toka nje mchana hata kama huna pa kwenda, la sivyo utaumwa na hutajua unaumwa nini." Nikafanya hivyo, na kweli nilikaa sawa.

Kilichonichukua muda ni majirani. Upole wa kwenye filamu upo, tena mwingi, lakini una kizingiti. Utatabasamiwa, utaulizwa habari za hali ya hewa, utaambiwa lazima siku moja uje nyumbani, na siku hiyo haitajwi. Nilichofanya ni kupitisha beleshi. Nikimaliza upande wangu, nilisonga mbele hadi ngazi za mzee wa nyumba ya pili. Hakusema kitu. Theluji iliyofuata niliamka nikakuta kwangu kumeshasafishwa, naye yuko ndani anakunywa kahawa dirishani kana kwamba hahusiki. Tukaendelea hivyo kimyakimya, hadi siku aliponiuliza kama nimewahi kuvua samaki juu ya barafu.

Ziwani alipima unene kwanza. Kwa mtembea kwa miguu wanataka angalau sentimita 10. Akatoboa tundu, tukaketi. Filamu hazisemi jinsi uvuvi huo unavyochosha kwa kukaa tu. Samaki hatukupata. Tulipokuwa tunafunga vitu, mzee aliniambia Jumamosi inayofuata nije na kiti changu, maana nilichokalia ni cha mkewe na anakitaka.