Nilisafiri tena kwenda kurekebisha nywele nilizopandikizwa vibaya

Safari hii ya pili niliondoka na swali moja tu kichwani, kisogoni bado kuna akiba au imeisha? Maana nywele za kupandikiza zinatolewa kisogoni na pembeni, sehemu ambayo homoni ya DHT, ile inayoleta upara, haiziangushi kirahisi, na shina likishang'olewa pale halioti lingine. Aliyenifanyia mara ya kwanza alitumia akiba hiyo kunichorea mstari umenyooka kama wa rula, mashina ya nywele tatu tatu yamesimama wima mbele kabisa, yaani mtu akisogea karibu anajua tu. Mwaka ukapita kwanza, kwa sababu matokeo kamili yanachukua kama miezi 12 na daktari makini hakugusi kabla ya hapo.

Uwanja wa ndege nikapishana na wanaume wenye bendeji kisogoni wanarudi makwao, nikawaombea kimoyomoyo wawe wamepata mikono mizuri.

Kliniki alinipokea daktari mwenyewe, sio mtu wa mauzo, akapitisha kamera ndogo ya kukuza kisogoni anahesabu mashina taratibu, halafu akaniambia siongezi hata nywele moja mpaka nitoe zile mbaya. Hapo ndo nikamwamini. Watu wengi tunadhani kurekebisha ni kujazia, kumbe ukijazia juu ya mstari mbovu unaukoleza tu.

Sindano za ganzi zinauma jamani, ila baada ya hapo husikii kitu, unasikia tu vifaa vinagongana. Zile nywele mbaya alizitoa na kijisindano chenye mdomo usiofika milimita 1, wasaidizi wakazigawanya chini ya hadubini, zikabaki moja moja, akazirudisha zikiwa zimelala kuelekea mbele na mstari wenye vipindapinda kama alivyouweka Mungu. Kisogo kilikuwa kimeshakonda kwahiyo akaongezea ndevu za chini ya kidevu, hizo akaziweka katikati, ni nene mno zingeonekana ngumu mbele. Penye makovu akapanda kwa kuachanisha, ngozi ya kovu damu yake haba na mashina yakibanana mengine hayashiki.

Usiku nililala kichwa kimeinuliwa, mto umezunguka shingo, napulizia maji ya chumvi kila mara. Kwenye ndege ya kurudi hofu yangu yote ilikuwa lile kabati la mizigo juu ya kiti, ukigonga kichwa siku za mwanzo mashina yanaweza kuchomoka.

Wiki chache baadaye zikapukutika karibu zote, inatokea na ni kawaida, shina linabaki ndani linapumzika, mwezi wa tatu au wa nne ndo vinaanza kuchomoza vinywele laini. Zangu zimeshika. Vidoa vidogo vyeupe bado vipo ukizitenganisha kwa vidole, na akiba iliyobaki kisogoni daktari kasema isiguswe, nywele zangu za asili zikiendelea kupungua huko mbeleni nitaihitaji.