FEHB na Medicare: ukifika 65 ukiwa bado kazini, hesabu inaanzia siku uliyoacha kazi, si siku uliyotimiza miaka hiyo

Mtumishi wa serikali kuu ya Marekani anayestaafu akiwa ndani ya FEHB, utaratibu wa bima ya afya ya watumishi hao wenye mipango mingi ya kuchagua, ana kitu ambacho wastaafu wengi wa nchi hiyo hawana. Bima ile ile ya kazini inaendelea maisha yake yote, na serikali inaendelea kuchangia malipo yake. Sharti kubwa ni kwamba awe ndani ya FEHB miaka 5 mfululizo kabla ya kustaafu, au tangu nafasi ya kwanza aliyopata ya kujiunga. Kwa utulivu huo, wengi wakifikiria Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wenye miaka 65 na zaidi, hujiambia: nina bima yangu, Medicare ya nini tena? Kosa la gharama kubwa huanzia hapo.

Medicare inatenganisha bima inayotokana na kazi ya sasa na bima ya ustaafu. Ukiwa bado kazini, au ukiwa kwenye bima ya mwenzi wako ambaye bado yuko kazini, unaweza kuchelewesha Sehemu B, ile ya kulipia madaktari ambayo unaitolea malipo kila mwezi, bila adhabu hata ukifika miaka 68. Ukiacha kazi, kinga hiyo inaondoka, hata kama kadi ya FEHB iliyo mfukoni haijabadilika herufi moja. Kuanzia mwezi unaofuata una miezi 8 ya kujiandikisha. Ikipita, unasubiri dirisha la Januari 1 hadi Machi 31, na unaongezewa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyochelewa. Nyongeza hiyo huilipi mara moja ikaisha. Utailipa kila mwezi maadamu unayo Sehemu B.

Tuseme mtu alistaafu mapema akatimiza 65 Februari 2020. Kwa kuwa hakuwa kazini tena, hesabu yake ilianzia hapo. Dirisha lake la kwanza lilikuwa la miezi 7: mitatu kabla, mwezi wenyewe, na mitatu baadaye, yaani hadi mwisho wa Mei 2020. Akajiandikisha Februari 2025. Hesabu inakwenda hadi Machi 2025 dirisha linapofungwa: miezi 58, ambayo ndani yake mna miaka 4 kamili. Malipo ya kawaida ya Sehemu B mwaka 2025 yalikuwa dola 185 kwa mwezi. Ongeza asilimia 40, mwaka huo alilipa dola 259, na malipo ya msingi yakipanda, nyongeza inapanda nayo.

Faida ya kuwa na Sehemu B ni nini? Ukiwa kazini FEHB ndiyo inayolipa kwanza, Medicare inafuata. Ukistaafu mpangilio unageuka. Chukua bili ya daktari ambayo Medicare imeidhinisha dola 1,000, na tayari umeshatoa mfukoni kiwango cha awali, yaani fedha unazolipa mwenyewe kwanza kila mwaka kabla Medicare haijaanza kulipa (mwaka 2025 kilikuwa dola 257). Medicare inalipa 800. Zile 200 zinakwenda FEHB, na mipango mingi mikubwa ya kitaifa ikiona una Sehemu A, ile ya hospitali, na B, inafuta kiwango chake cha awali pamoja na uchangiaji wako, yaani sehemu ya bili unayolipa mwenyewe. Wewe hulipi kitu. Bila Sehemu B, kwenye mpango unaokutaka uchangie asilimia 15, bili hiyo hiyo inakugusa dola 150, mbali na kiwango cha awali. Kwa ziara moja si kitu. Kwa mwaka wa matibabu ya saratani ni jambo jingine kabisa.

Mpangilio huu hauendi wenyewe mpaka uupe mpango wako wa FEHB namba ya Medicare, ile ya tarakimu na herufi 11, pamoja na tarehe ambazo Sehemu A na B zimeanza. Usipofanya hivyo madai hukwama: mpango unalipa kama wa kwanza, baadaye unagundua, unadai fedha zake kwa daktari, na daktari anakugeukia wewe. Wapigie wiki ile ile kadi ya Medicare inapofika.

Chunguza pia daktari mwenyewe. Kuna waliojitoa Medicare kabisa, nao watakupa mkataba binafsi wa kusaini. Ukisaini, Medicare hailipi hata senti, na FEHB haiongezi: italipa kile tu ambacho ingelipa kama Medicare ingekuwa imetoa sehemu yake. Kwenye bili ya dola 1,000 unaweza kubebeshwa zile 800. Wenye mipango ya HMO, ile inayokutaka utumie madaktari wa mtandao wake, nao wajue kwamba wakitoka nje ya mtandao huo Medicare inaweza kulipa, lakini mpango wenyewe huenda usiguse salio.

Sehemu A ni bure kwa aliyefikisha robo mwaka 40 za kazi iliyokatwa kodi ya Medicare, kwa hiyo ichukue. Isipokuwa uwe bado kazini na unaweka fedha kwenye HSA, akaunti ya akiba ya matibabu yenye nafuu ya kodi. Sehemu A ikichukuliwa baada ya 65 hurudishwa nyuma hadi miezi 6, na michango uliyoweka ndani ya miezi hiyo inageuka kosa la kodi. Simamisha michango mapema.

Kwa maoni yangu, mwenye mpango wa kitaifa unaofuta uchangiaji achukue B kwa wakati, na pengine ashuke kwenye mpango wa bei nafuu zaidi ili kufidia malipo ya B, ambayo mwaka 2025 yalifika dola 2,220. Mwenye HMO nzuri yenye uchangiaji mdogo ana sababu ya kusita. Mwenye kipato kikubwa apige hesabu upya, maana kwa mwaka 2025 aliyezidi dola 106,000 akiwa peke yake, au 212,000 kwa wanandoa, alilipa zaidi kwa Sehemu B, na kinachoangaliwa ni kipato cha miaka 2 nyuma. Kama kipato kimeshuka kwa sababu ya kustaafu, jaza fomu SSA-44 upeleke Social Security, ofisi ya hifadhi ya jamii, wakuangalie upya.

Wastaafu wa Posta wana utaratibu wao wa bima ya afya, PSHB, ulioanza Januari 1, 2025, na wengi wanaostaafu baada ya tarehe hiyo wanalazimika kuchukua B ili wabaki na bima. Wapo waliosamehewa, wakiwemo waliokuwa wamefikisha miaka 64 siku hiyo.

Kwa aliyechelewesha kwa sababu ya kazi, fomu ni mbili: CMS-40B unayojaza wewe, na CMS-L564 inayojazwa na mwajiri. Ipate hiyo ya pili kabla hujaaga ofisini.

Na ukivutiwa na Medicare Advantage, mipango ya Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi, usifute FEHB. Isimamishe, kwa fomu RI 79-9. Aliyesimamisha anaweza kurudi kwenye msimu wa kubadilisha mipango, Novemba na Desemba. Mstaafu aliyefuta kwa kawaida harudi tena.

Anayehamia nje ya Marekani akumbuke kwamba Medicare hailipi matibabu ya huko, isipokuwa katika hali chache mno, ilhali mipango ya kitaifa ya FEHB hulipa. Tunza risiti zenye mchanganuo wa kila huduma. Lakini miaka anayokaa huko bila Sehemu B inahesabiwa kwenye adhabu siku akirudi.